Hayati Edward Carey Francis, Mwalimu Aliyekuwa Askari

Kila askari na kila polisi, awe na cheo au asiwe nacho, kabla hajakutana na mkufunzi wa gwaride alikutana kwanza na mwalimu wa darasani. Na kila mmoja wetu akikumbuka siku zile za ubao na chaki, jina moja humjia mbele ya mengine. Mara nyingi silo jina la mwalimu aliyetuachia tucheze, bali la yule tuliyemwogopa, ambaye nyayo zake zilipovuma ukumbini darasa zima lilinyamaza. Na baada ya miaka mingi tukatambua kwamba mtu yule alitupenda.

Lakini ukali ni wa namna mbili. Upo ukali wa mtu apendaye kuogopwa, na upo ukali wa mtu ajidaiye mwenyewe kwanza kabla hajawadai wengine. Wa kwanza hufa pamoja na mwenye nao, wa pili hubaki. Leo, ndugu msomaji, tutasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa Afrika Mashariki aliyekuwa na ukali wa namna ya pili. Mtu huyo ni hayati Edward Carey Francis, aliyefundisha Kenya kwa muda wa karibu miaka arobaini. Hakufundisha Rwanda, lakini mambo yaliyompata, yahusuyo shule, bunduki na kabila, hayana haja ya kufasiriwa kwa mtu wa Kigali.

ASILI YAKE

Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1897. Alipofikia umri wa ujana, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuwaka. Akaingia jeshini, akawa afisa wa mizinga, na utumishi wake katika medani za Ulaya ukamfanya atajwe kwa sifa katika taarifa za vita. Vijana wengi wa rika lake hawakurudi makwao. Yeye alirudi, akaenda kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1922 akachaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa Peterhouse, chuo kilicho kikongwe kuliko vyote vya Cambridge. Hapo alifundisha hisabati, na kwa kipimo chochote cha dunia maisha yake yalikuwa yametengenea: heshima ilikuwapo, mshahara ulikuwapo, na uzee wake ulikuwa na mahali pa kupumzikia.

Mwaka 1928 aliyaacha yote hayo. Alijiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana, akapanda meli kuja Kenya kuwa mkuu wa shule ya wavulana ya Maseno, iliyojengwa karibu na Kisumu, penye mstari wa ikweta. Rafiki zake wengi waliona amepotea. Mwanahisabati wa Cambridge atakwenda kufundisha jumla na kutoa kwa watoto wa kijijini? Lakini Francis hakuwa mtu wa kutazama nyuma. Hakuoa wala hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Watoto wake walikuwa wale aliowakuta darasani.

MASENO NA ALLIANCE

Alikaa Maseno miaka kumi na miwili. Wakati huohuo, huku kwetu, Mabruda wa Upendo walikuwa wakianzisha shule kubwa ya Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare, iliyoasisiwa mwaka 1929. Ndiyo zama hizo ambazo shule chache katika nchi zetu zilitengeneza karibu wasomi wote wa kizazi kizima, na tabia ya mkuu wa shule ilikuwa jambo la taifa hata kabla taifa lenyewe halijazaliwa.

Miongoni mwa waliopita Maseno alikuwako Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya huru, na Achieng Oneko, mmoja wa watu sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Mwalimu hakuwafundisha siasa. Bali aliwazoeza kusimama wima na kusema wanachokiamini, na walipofanya hivyo mbele ya serikali ya kikoloni, yeye mwenyewe hakupendezwa.

Mwaka 1940 alihamishiwa shule ya Alliance, iliyoko Kikuyu, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, nayo ilipokea vijana wa kila kabila la Kenya waliofaulu kuliko wenzao. Carey Francis aliiongoza hadi mwaka 1962, na katika miaka hiyo ishirini na miwili akaifanya kuwa shule iliyotajwa kwa heshima kila mahali.

Mtu aliyepita depo ya mafunzo angeyatambua maisha ya Alliance mara moja. Kengele ililia alfajiri. Mabweni yalifagiliwa na wanafunzi wenyewe, vitanda vikatandikwa sawasawa, kisha ukaja ukaguzi. Baada ya ukaguzi ilikuwa ibada, na baada ya ibada darasa. Jioni ilikuwa kazi za mikono na michezo, hasa mpira wa miguu, ambao mkuu wa shule aliupenda mno. Mchafu aliadhibiwa, mvivu aliadhibiwa, na mwongo aliadhibiwa kuliko wote wawili. Fimbo ilikuwapo, kama ilivyokuwa katika shule zote za zama zile.

Lakini wanafunzi waliona pia jambo jingine. Waliona kwamba mkuu wao aliishi maisha ya kawaida, bila anasa, na kwamba alifika kazini kabla yao na kuondoka baada yao. Alifundisha hisabati mwenyewe, badala ya kukaa ofisini na kuwatuma wengine. Aliyajua majina yao, nyumba walizotoka na shida za wazazi wao. Mtu anayeamrishwa huvumilia mengi ikiwa anaona kwamba mwenye kuamrisha anabeba mzigo uleule. Kila askari aliyewahi kutembea na afisa wa namna hiyo anajua maana ya maneno haya.

WAKATI WA HALI YA HATARI

Sasa tumefika mahali ambapo mwalimu huyu alipimwa. Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana wa Kenya alitangaza Hali ya Hatari, kwa sababu ya vita vya wapigania ardhi na uhuru waliojulikana kwa jina la Mau Mau. Nchi ya Wakikuyu ikajaa askari. Vijiji vilichomwa na watu wakahamishiwa vijiji vipya vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wao wakapelekwa katika kambi za kizuizini. Watu wa makabila hayo hawakuweza kusafiri bila kibali.

Alliance ilisimama katikati ya nchi hiyohiyo. Ndani ya bweni moja alilala kijana ambaye ndugu yake alikuwa msituni, na kando yake kijana ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa serikali. Karibu nao walilala Wajaluo, Waluhya, Wakamba na vijana wa pwani, ambao vita hivyo havikuwa vya nyumbani kwao. Ilikuwa rahisi sana kwa mkuu wa shule kuwagawa vijana wale: kuwatenga Wakikuyu, kuwahoji, kuwafukuza walioshukiwa na kuwapendelea walioaminika. Serikali isingemlaumu. Carey Francis hakufanya hivyo. Kengele ililia kwa wote, hesabu zilikuwa zilezile kwa wote, na fimbo haikuuliza kabila.

Mwaka 1955 aliingia shuleni hapo kijana mmoja kutoka Limuru, jina lake Ngũgĩ wa Thiong'o. Kaka yake alikuwa msituni pamoja na wapiganaji. Alipokwenda nyumbani likizo ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa, na watu wake wamehamishwa. Kijana huyo alisoma Alliance hadi mwaka 1958, akaenda Makerere, akawa mwandishi mashuhuri kupita wote waliotoka Kenya. Alifariki dunia tarehe 28 Mei 2025 nchini Marekani. Mwaka 2012, akiwa mzee, alitoa kitabu kizima juu ya miaka yake ya Alliance, na mkuu wake wa shule yumo humo tangu mwanzo hadi mwisho. Ngũgĩ aliuchukia ukoloni maisha yake yote, tena aliandika wazi jinsi shule ile ilivyowafundisha vijana wa Kiafrika kuitukuza Uingereza. Hata hivyo alimkumbuka mwalimu wake kwa heshima, na aliiona shule ile kuwa kimbilio wakati nje ya lango kulikuwa na risasi.

Wala tusimfanye Carey Francis malaika. Alikuwa Mwingereza wa zama zake. Aliamini kwamba utawala wa nchi yake ulileta mema, aliona uhuru unakimbiliwa mno, na wanasiasa hakuwapenda. Mau Mau aliwaona kuwa uovu, wala hakuielewa vya kutosha njaa ya ardhi iliyowapeleka watu msituni. Hayo ni makosa, na wanafunzi wake mwenyewe ndio waliomwonyesha kwa matendo kwamba alikosea.

Lakini mtu huyohuyo, aliyekuwa upande wa serikali, alipoona kwamba vyombo vya serikali vinawapiga, vinawatesa na kuwaonea watu wasio na hatia, hakunyamaza. Alikuwa na jambo ambalo wakubwa wa Nairobi hawakuwa nalo: wanafunzi waliorudi kutoka likizo na kumweleza walichokiona. Akawaamini vijana wake, akalalamika kwa wenye mamlaka. Kwa mwanajeshi wa zamani halikuwa jambo dogo. Alijua nidhamu ni nini, na kwa sababu hiyohiyo alitambua nidhamu ilipokosekana.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1954 serikali ya Uingereza ilimtuma Kanali Arthur Young, afisa wa polisi kutoka London, awe mkuu wa polisi wa Kenya. Young alitaka askari na walinzi wa serikali waliotenda jinai wafikishwe mahakamani kama mhalifu mwingine yeyote. Gavana hakumpa nguvu ya kufanya hivyo, na mwisho wa mwaka huohuo Young akajiuzulu. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine polisi, lakini wote wawili waliona jambo moja: mwenye sare anayevunja sheria humwibia heshima kila mwenye sare anayeishika.

PUMWANI

Mwaka 1962 Carey Francis alistaafu Alliance. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 65. Mwaka uliofuata Kenya ilipata uhuru, na katika serikali mpya walijaa watu waliopita mikononi mwa walimu wa Alliance. Wengi walidhani mzee atarudi kwao Uingereza apumzike, au atatafuta cheo cha heshima.

Hakufanya lolote katika hayo. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya hapo, chini ya mkuu mwingine. Mtu aliyeongoza shule kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambaye wanafunzi wake walikuwa mawaziri, alisimama tena mbele ya ubao na kuwafundisha hesabu watoto wa mitaani. Afisa akubaliye kurudi safuni bila kunung'unika ni nadra kupatikana. Huko Pumwani ndiko alikofundisha hadi mauti yalipomfika mwaka 1966. Alizikwa Alliance, penye shule aliyoijenga.

LILILO KWETU

Sisi wa Kigali tuna sababu ya kuyapima maisha haya kwa makini. Tangu miaka ya 1930 vitambulisho vya nchi hii vilibeba kabila la mtu, hadi vilipofutwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Walikuwako walimu waliowasimamisha watoto darasani, Wahutu huku na Watutsi kule, ili kuwahesabu. Walimu hao nao walikuwa wakali, tena darasa lilinyamaza walipoingia. Ukali wao ulijenga nini, kila mmoja wetu anajua.

Kisha wakawako wanafunzi wa Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 waasi waliingia shuleni kwao na kuwaamuru wajitenge kwa makabila. Vijana walikataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa kwa jibu hilo. Mtoto haamki usiku mmoja akawa na ujasiri kama huo bila kuzoezwa. Mahali fulani, mzazi au mwalimu alikuwa amekwisha kumfundisha.

Ndugu askari, na wewe ndugu polisi, huenda hujawahi kujiita mwalimu. Lakini kuruta anayesimama mbele yako anakusoma wewe kabla hajaisoma amri, na raia kwenye kizuizi cha barabarani anajifunza kutoka mkononi mwako serikali yake ikoje. Uwe mkali, kwa maana kazi yetu haifanyiki bila ukali. Ila kabla hujamkagua mwenzako, jikague mwenyewe. Ukiona wa upande wako anaonea mtu, nena. Na siku cheo kitakapoondoka begani, iwepo bado kazi unayoweza kuifanya kwa mikono safi. Carey Francis aliondoka duniani bila mali wala mtoto. Kizazi kizima kilimlilia.