Hermann Lehmann

Hermann Lehmann (8 Julai 1910 – 13 Julai 1985) alikuwa daktari na mwanabiokemia wa Uingereza mwenye asili ya Ujerumani. Anajulikana kwa utafiti wake juu ya hemoglobini na selimundu, hasa nchini Uganda.

Maisha

Alizaliwa mjini Halle katika familia ya Kiyahudi. Alipata shahada ya udaktari mjini Basel, Uswisi, mwaka 1934. Kutokana na utawala wa Wanazi alihamia Cambridge mwaka 1936. Mwaka 1940 Waingereza walimweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Baadaye aliwatumikia kama daktari wa jeshi nchini Uhindi.

Utafiti Uganda

Miaka 1947–1949 alifanya kazi Makerere, Kampala. Pamoja na Alan Raper alipima damu ya makabila mbalimbali. Kati ya Waamba, karibu watu 2 kati ya 5 walikuwa na seli zinazoweza kugeuka mundu. Kati ya Wakiga wa milimani walikuwa wachache sana.

Umbo la seli

Kwa kawaida seli nyekundu ya damu ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili. Umbo hilo hushikiliwa na utando wake pamoja na wavu wa protini ulio chini yake. Katika selimundu, hemoglobini iliyopoteza oksijeni hujiunga kuwa nyuzi ndefu zinazoivuta seli iwe kama mundu. Chanzo ni badiliko la asidi amino moja tu.

Lehmann alidhani tofauti za makabila zinaonyesha asili na uhamiaji wao, na kwamba selimundu ilifika Afrika kutoka Asia. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha sababu nyingine: anayerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo jeni hiyo huenea penye mbu wengi. Nchini Tanzania, kwa mfano, malaria ni nyingi zaidi Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kuliko kwenye baridi ya miji ya Mbeya na Iringa. Leo inajulikana pia kwamba jeni hiyo ilianzia Afrika yenyewe.

Miaka ya mwisho

Lehmann aliendelea kutambua aina nyingi za hemoglobini. Alikuwa profesa Cambridge kuanzia 1967 na mwanachama wa Royal Society tangu 1972.