Mwalimu Nyerere: Aliyehukumiwa faini, kisha akatunga sheria ya viboko

AGOSTI 11, 1958, Mahakama ya Hakimu Mkazi jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani mwalimu wa zamani wa shule ya Pugu kwa kosa la kashfa. Hukumu ilikuwa fupi: alipe faini ya Sh. 3,000, ama aende jela miezi sita.

Mshtakiwa huyo alikuwa Julius Kambarage Nyerere, Rais wa TANU, chama kilichoasisiwa Julai 7, 1954 katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, Kariakoo. Kosa lake lilitokana na makala aliyoiandika katika jarida la Sauti ya TANU, akiwatuhumu Mabwana Shauri wa Kiingereza kuwaonea wanachama wa chama hicho katika wilaya zao. Aliyemtetea ni D.N. Pritt, wakili wa Kiingereza ambaye miaka mitano kabla yake alisimama upande wa Jomo Kenyatta huko Kapenguria, akisaidiana na Mahmud Rattansey na K.L. Jhaveri.

Kwa wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani, ambako TANU ilikuwa na ngome yake, swali halikuwa la fedha pekee. Kenyatta alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu mwaka 1953. Kwame Nkrumah wa Ghana alifungwa mwaka 1950, na mwaka uliofuata akashinda uchaguzi akiwa gerezani. Kifungo cha mkoloni kilikuwa kimegeuka nishani.

Mwalimu hakuitafuta nishani hiyo. Miezi saba kabla, katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, alikishawishi chama kikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, na awamu ya kwanza ilikuwa Septemba. Kiongozi aliyeko gerezani asingeweza kuiongoza kampeni hiyo. Faini ikalipwa, na TANU ikashinda.

Hukumu ile inaonyesha vema jinsi sheria ya Kiingereza, iliyorithiwa na Tanganyika, inavyoitazama adhabu. Hakimu alikuwa na aina kadhaa mkononi: kumwachia mkosaji kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumtoza faini, kumfunga, na kwa makosa mazito zaidi, viboko au kifo. Kila aina ina shabaha yake, iwe kulipiza kosa, kuwatisha wengine, kumrekebisha mkosaji, kuilinda jamii au kumfidia aliyedhurika. Bunge la Uingereza liliyaorodhesha malengo hayo katika sheria ya mwaka 2003, na yakarudiwa katika sheria ya mwaka 2020. Lakini kupima lipi litangulie kwa mtu fulani ni kazi ya hakimu, na upimaji huo ndio uliompa Mwalimu nafasi ya kuchagua.

Alipokuwa mtawala, Mwalimu aliibana nafasi hiyo. Mwaka 1962 ilitungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kumpeleka mahakamani. Mwaka 1963 ikafuata Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Mla rushwa au mwizi wa mali ya umma alipaswa kwenda jela si chini ya miaka miwili na kuchapwa viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Katika hotuba zake za mwaka 1995, Mwalimu mwenyewe aliikumbusha hadhira kuwa vile vya mwisho vilikusudiwa mtu akamwonyeshe mkewe.

Shabaha yake ilikuwa wazi. Taifa lilikuwa changa, hazina ilikuwa ndogo, na Mwalimu aliiona rushwa kuwa adui asiyestahili huruma. Alitaka kila mtumishi ajue mapema kitakachomkuta, awe mkubwa au mdogo.

Hata hivyo, sheria iliyolenga vigogo iliwakuta pia wanyonge, kwa kuwa hakimu alibanwa kupima mazingira ya kosa. Mwaka 1972 sheria hiyo ilibadilishwa na viboko vikaondolewa, ingawa vifungo vya lazima vilibaki. Viboko vilirejeshwa mwaka 1989, baada ya Mwalimu kung'atuka urais mwaka 1985. Tanzania ilikuja kutunga pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mkosaji wa makosa madogo kuitumikia adhabu yake nje ya gereza.

Mwalimu alifariki dunia London Oktoba 14, 1999. Amekumbukwa kwa Azimio la Arusha, kwa Muungano na kwa vita vya Kagera. Kesi ya mwaka 1958 hutajwa kama hatua moja tu ya safari ya uhuru.

Lakini kesi ile ina fundisho jingine. Laiti kifungo kingekuwa cha lazima siku ile, mwanasiasa mwenye umri wa miaka 36 angeutazama uchaguzi wa kwanza wa nchi yake kutoka gerezani. Aliokolewa na hakimu wa mkoloni aliyekuwa na uhuru wa kupima. Uhuru huo ndio ambao serikali yake iliwapunguzia mahakimu wa taifa huru miaka mitano baadaye.