Edmond Halley: Aliyeitabiri nyota asiyoishi kuiona ikirudi

NYOTAMKIA iliyopita katika anga ya Nairobi mwaka 1910 na kurejea 1986 hubeba jina la Edmond Halley, Mwingereza ambaye hakuwa wa kwanza kuiona. Wachina walikuwa wameiandika tangu mwaka 240 kabla ya Kristo. Alichogundua yeye ni kwamba hurudi.

Halley alizaliwa mwaka 1656 karibu na London, mwana wa mtengenezaji sabuni tajiri. Akiwa na umri wa miaka 20 aliyaacha masomo Oxford, akasafiri kwa meli hadi kisiwa cha St Helena, akapima mahali pa nyota 341 za kusini, nyingi zikiwa zile zile zinazoonekana kutoka Kawangware. Baadaye alimhimiza Isaac Newton aandike kitabu chake kikuu, akagharamia uchapishaji wake mwaka 1687, kwa kuwa chama cha wanasayansi jijini London kilikuwa kimemaliza fedha kwa kitabu cha samaki. Hata ujira wake Halley alilipwa nakala za kitabu hicho cha samaki!

Kwa kanuni za Newton alikokotoa njia za nyotamkia 24. Tatu kati yazo, za miaka ya 1531, 1607 na 1682, zilifuata njia karibu moja, tena zikienda kinyume na mwendo wa sayari. Mwaka 1705 akatangaza kuwa ni nyota moja, nayo ingerudi 1758. Ili aishuhudie angehitaji kuishi miaka 102. Akikosea, angechekwa na watu ambao hangeweza kuwajibu.

Alifariki Januari 1742. Nchini Ufaransa, Clairaut, Lalande na Bi Nicole-Reine Lepaute walionyesha kwamba mvuto wa Mshtarii na Zohari ungeichelewesha. Usiku wa Krismasi 1758, mkulima wa Saxony, Johann Georg Palitzsch, akaiona.

Mzunguko wake ni wa miaka 76 hivi. Ilipopita 1910, Kibera ilikuwa msitu walimokaa askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, na Kawangware mashamba ya Wakikuyu. Iliporudi 1986, kote kulijaa nyumba za mabati. Desemba 2023 ilifikia upeo wa safari yake, zaidi ya kilomita bilioni 5 kutoka kwa jua, ikageuka. Italikaribia jua tena Julai 2061. Kwa sasa, kila Mei na Oktoba dunia hupita katika vumbi lake, na vimondo vyake huonekana hata Kibera umeme unapokatika.