Félicité Niyitegeka wa Gisenyi

Tunapowaombea ndugu wanaoteswa, tumkumbuke mama huyu Mkatoliki aliyeongoza Kituo cha Mtakatifu Petro, Gisenyi. Mwaka 1994 aliwaficha Watutsi humo, naye ni Mhutu. Wengine aliwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma (mpaka ambao wengi wetu tunaujua). Kaka yake, kanali wa jeshi, alitaka kumwokoa. Akamwandikia kwamba hawezi kuwaacha watu 43 alio nao. Sisi tumezoea kuomba mtu apone; yeye alimwomba kaka yake awaombee wafike kwa Mungu, akaahidi kumwombea naye akifika huko. Tarehe 21 Aprili walipelekwa makaburini, mahali palipoitwa Commune Rouge. Wauaji walikuwa tayari kumwacha aende. Alikataa, akauawa pamoja nao.