Mbaraka Mwinshehe: Jina lililoizidi bendi

JINA la marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka si geni katika pwani ya kusini ya Kenya. Kuanzia Lunga Lunga hadi Msambweni, Ukunda na Kombani, pale njia ya Kwale mjini inapoachana na barabara kuu ya Likoni, waliokuwa vijana miaka ya sabini humkumbuka kama mtu wa nyumbani, ingawa alikuwa Mtanzania. Nyimbo zake zilivuka mpaka kwa mawimbi ya redio na kwa sahani za santuri.

Mbaraka alizaliwa mwaka wa 1944, mwaka uleule ilipoundwa bendi ya Morogoro Jazz. Alipojiunga nayo katikati ya miaka ya sitini, bendi hiyo ilikuwa tayari na jina, na mpinzani wake mkubwa mjini Morogoro alikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Haukupita muda mrefu kabla ya kijana huyo kuwa mpigaji gita la solo, mtunzi na mwimbaji aliyetegemewa.

Mwaka wa 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Wakati huo bendi ilisimama kwa nguvu ya wengi: saksafoni zilijibizana na magita, sauti zilipokezana, na nyimbo zikasimulia mambo ya taifa, kama ule wa maombolezo ya Dkt Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa mwishoni mwa 1971.

Mwaka wa 1973 Mbaraka aliihama Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Hapo ndipo swali lililowagawa mashabiki lilipozuka: je, utamu ule ulikuwa wa bendi au wa mtu mmoja?

Kazi za Super Volcano zilitoa jibu lenye pande mbili. Gita la Mbaraka sasa lilipata nafasi pana zaidi, na sauti yake ikatangulia mbele ya kila kitu. Mada nazo zilisogea karibu na maisha ya mtu wa kawaida: mapenzi, fedha, fitina na dhiki. Wimbo Shida, uliorekodiwa Nairobi, uliuzwa kwa wingi kuliko nyingi za awali na kumfanya kipenzi cha Wakenya. Hata hivyo, aliyesikiliza kwa makini aligundua kwamba msingi ulikuwa uleule uliojengwa Morogoro. Mbaraka hakuikana shule iliyomlea. Aliihamishia nyumba yake mwenyewe.

Kilichomleta Kenya kilikuwa pia haja. Redio Tanzania ilirekodi bendi nyingi, lakini viwanda vya kutengeneza santuri vilikuwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na mpaka kufungwa, wanamuziki wa Tanzania walijikuta wametengwa na soko lao kubwa. Wimbo ulivuka bila pasi, mtungaji akabaki na vikwazo.

Mbaraka alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Mpaka ulikuwa bado umefungwa, na haukufunguliwa hadi 1983.

Baada ya kifo chake, santuri za mfululizo wa Ukumbusho zilikusanya nyimbo za Morogoro Jazz na za Super Volcano chini ya jina lake. Anayezisikiliza leo hupata fursa ya kupima mwenyewe. Katika zile za kwanza atasikia kijana akibebwa na wenzake. Katika za baadaye atasikia mtu mzima akiwabeba wengine. Pengo aliloacha halikuzibika, kwani Super Volcano haikupata tena mtu wa kulishika gita lile. Bendi ilimpa Mbaraka mwanzo, lakini yeye hakuweza kuiachia bendi maisha yake.