Maisha ya Alfred Büchi, Aliyeupa Moshi Kazi

Kila lori lipandalo kutoka Mombasa kuja Uganda kwa njia ya Eldoret huanza safari yake usawa wa bahari, kisha hupita Timboroa, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,500. Huko juu hewa ni nyepesi, na mafuta hayawezi kuungua vizuri pasipo hewa ya kutosha. Hata hivyo malori ya siku hizi hupanda na mizigo yao. Yanasaidiwa na chombo kidogo kilichofungwa kando ya injini, kiitwacho turbo, na mtu aliyekibuni ni Alfred Büchi wa Uswisi. Nitaeleza maisha yake, kisha nitasema neno kwa wenzetu wanaotamani kufunga turbo katika motokaa zao kuukuu kwa fedha chache.

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika mji wa Winterthur. Baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa wa kiwanda cha Sulzer, kilichokuwa mashuhuri kwa mitambo yake. Katika mwaka huo huo kijana mwingine, Rudolf Diesel, ambaye injini ya dizeli imepewa jina lake, alikuwa akijifunza kazi katika kiwanda hicho. Büchi alipokua aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Zürich mwaka wa 1899, akamaliza masomo yake mwaka wa 1903. Kisha alikwenda Ubelgiji na Uingereza kufanya kazi ya injini.

Katika siku hizo jambo moja lilimsumbua sana. Injini hula mafuta, lakini kadiri ya theluthi moja ya joto la mafuta hayo hutoka bure pamoja na moshi. Basi akawaza hivi: moshi ukipitishwa penye gurudumu lenye mapanga, utalizungusha kama vile maji yazungushavyo kinu. Gurudumu hilo likiungwa na jingine, hilo la pili litavuta hewa ya nje, litaibana na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yataweza kuungua, na injini ile ile itatoa nguvu zaidi bila kuongezwa ukubwa. Kwa wazo hilo alipata hati ya Ujerumani ya kulinda uvumbuzi, yenye tarehe 16 Novemba 1905. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Lakini hati ni karatasi, nayo karatasi haisukumi hewa. Moshi wa injini ulikuwa wa moto mno kwa vyuma vya zamani zile, na magurudumu ya kubana hewa yalikuwa bado dhaifu. Büchi alirudi Sulzer, na mwaka wa 1911 majaribio yakaanza, lakini hayakuleta faida iliyotumainiwa. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia mafundi wengine waliishika njia hiyo kwa ajili ya eropleni, kama vile Auguste Rateau wa Ufaransa na Sanford Moss wa Marekani. Mwaka wa 1918 Moss aliipeleka injini juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000. Pasipo turbo ilitoa nguvu za farasi 230, na kwa turbo ikatoa 356.

Büchi hakukata tamaa. Alitambua kwamba kusukuma hewa kwa nguvu peke yake hakutoshi, bali injini yenyewe lazima itengenezwe ili iweze kuipokea. Kwa hiyo alipanga vali ya kuingiza hewa na vali ya kutoa moshi zibaki wazi pamoja kwa kitambo kidogo, ili hewa safi ifagie moshi uliobaki na kuipoza silinda. Tena aliyagawa mabomba ya moshi, ili moshi wa silinda moja usizuie ule wa nyingine. Ndipo mwaka wa 1926 zilipotokea meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zenye injini za dizeli zilizofungwa turbo. Injini iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi 1,750 sasa ilitoa 2,500. Tangu ile hati ya kwanza ilikuwa imepita miaka 21.

Baada ya hapo kazi yake ilienea katika meli, katika garimoshi, na mwaka wa 1938 katika injini za malori ya Saurer ya Uswisi. Büchi alifariki tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na umri wa miaka 80.

Hakuishi kuona turbo ikiuzwa katika motokaa ndogo. Mwaka wa 1962 Wamarekani walitoa Oldsmobile Jetfire. Waliacha mbano wa silinda ukiwa mkubwa, na ili injini isigonge iliwapasa kuinyunyizia maji yaliyochanganywa na spiriti. Wenye motokaa wengi walisahau kuyajaza, na matata yakawa mengi. Toyota walipotoa Starlet ya turbo yenye injini ya lita 1.3, walipunguza mbano wa silinda, wakaweka na rejeta ya kupoza hewa.

Sasa, ndugu zangu, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni mkashika kazi: turbo iliyotumika hupatikana kwa bei nafuu penye vyuma vya motokaa zilizovunjwa. Lakini turbo ndiyo sehemu rahisi. Kwanza pima mbano wa kila silinda. Kama moja imechoka, acha. Fedha zako zianze kwenye bomba safi la oili, kwa maana beringi za turbo hufa upesi zikikosa oili. Kisha mafuta: hewa ikiongezwa na petroli isiongezwe, joto hupanda, injini hugonga, na pistoni hutoboka. Msukumo uwe mdogo. Tena, tazama breki, kwa kuwa injini ikipata nguvu mpya, breki hubaki zile zile, na ndani ya motokaa hiyo wamo watu.

Hewa yapatikana bure, lakini kuibeba kuna gharama. Büchi alilipa gharama hiyo kwa miaka 21 ya subira. Asiye na fedha nyingi na awe na subira nyingi.