Hugh Cairns, Daktari Aliyehesabu Vichwa

T. E. Lawrence wengi tunamjua kwa ile filamu ya 1962, Mwingereza aliyepigana jangwani upande wa Waarabu dhidi ya Waturuki. Filamu yenyewe inaanza na ajali yake ya pikipiki, na ajali hiyo ilitokea kweli. Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset kusini mwa Uingereza, alikuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa na kuumia vibaya kichwani. Kofia ngumu hakuwa nayo. Alikaa siku sita bila fahamu, akafariki akiwa na miaka 46. Kati ya madaktari walioitwa kumwangalia alikuwemo Hugh Cairns, na makala haya yanamhusu yeye.

Cairns hakuwa Mwingereza. Alizaliwa 1896 Port Pirie, Australia Kusini, baba yake akifanya kazi za mbao. Alisoma udaktari Adelaide, akaacha masomo kidogo 1915 kwenda vitani kama askari wa kawaida kwenye kikosi cha matibabu, akarudi na kuhitimu 1917. Akapata ufadhili wa Rhodes, akaenda Oxford, na huko 1920 akapiga makasia kwenye yale mashindano ya Oxford na Cambridge (yaani mtu wa vitabu na mazoezi, wapo). Mwaka 1926 alikwenda Boston kujifunza upasuaji wa ubongo kwa Harvey Cushing, bingwa wa fani hiyo wakati ule, akarudi London kuifanya. Kuanzia 1937 alikuwa profesa wa upasuaji Oxford.

Sasa hapa watu hupenda kuifupisha hadithi. Wanasema Lawrence alikufa, Cairns akahuzunika, kofia ikapatikana. Mimi naona ufupisho huo unamnyima haki yake. Toka kitandani kwa Lawrence hadi andiko lake la kwanza kuhusu kofia ilipita miaka sita, na kilichoandikwa hapo si huzuni bali hesabu.

Vita ya pili ilipoanza 1939, Uingereza ilizima taa za barabarani usiku kwa kuogopa ndege za mabomu, na petroli ikawa ya mgao. Ungetegemea ajali zipungue, si ndiyo? Cairns alichukua takwimu za vifo. Katika miezi 21 kabla ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao wa nyuma waliokufa walikuwa 1,884. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita wakawa 2,279. Wengi walikuwa wanaumia kichwa. Kisha akatafuta waliopata ajali wakiwa wamevaa kofia ngumu. Aliwapata saba tu, na wote saba walikuwa hai.

Saba ni wachache mno, mwalimu yeyote wa takwimu angekurudishia kazi hiyo. Lakini andiko lilitoka Oktoba 1941, na Novemba hiyohiyo jeshi likaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae kofia wakiwa kazini. Cairns hakuishia hapo. Alishirikiana na mwanafizikia wa Oxford, Holbourn, wakachunguza ajali 106 za watu waliovaa kofia, na andiko likatoka 1943: mafuvu yaliyovunjika yalikuwa machache zaidi, na muda wa kupoteza kumbukumbu ulikuwa mfupi zaidi. Hii ni muhimu, maana vifo peke yake vingeweza kupungua kwa sababu petroli ya raia ilikuwa imekatwa.

Holbourn naye alitengeneza mifano ya ubongo kwa kitu laini kama jeli, akaonyesha kwamba kichwa kikizungushwa ghafla, ubongo haufuatani na fuvu; unavutika na kupindika ndani kwa ndani. Kwa hiyo mtu anaweza kuumia ubongo na fuvu lake likabaki zima.

Ukiingia dukani leo, kazi hiyo utaikuta kwenye lebo. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa inataka helmeti iangushwe juu ya chuma ikiwa na kichwa bandia chenye kipimo ndani, ili kujua kichwa kinasimama kwa ghafla kiasi gani. Lebo yake, ambayo mara nyingi hushonwa kwenye mkanda wa kidevuni, ina herufi E ndani ya duara, namba ya nchi iliyoidhinisha, halafu namba inayoanza na 05 au 06. Hiyo 06 ndiyo iliyoongeza kipimo cha kichwa kuzunguka, jambo ambalo Holbourn aliliandika 1943! Hapa kwetu tafuta na alama ya TBS. Gamba la nje linang'aa, sawa, ila kinachofyonza kishindo ni lile povu gumu la ndani, na likishabonyea kwenye ajali halirudi. Helmeti iliyopata ajali haifai tena hata kama rangi haijachubuka. Na isiyobana kichwa vizuri, au isiyofungwa mkanda, inatoka kabla hujafika chini. Sisi tunaopanda boda kuja chuoni ndio wale abiria wa nyuma, na Cairns aliwahesabu pia.

Wakati huohuo wa vita aliendesha hospitali ya majeruhi wa kichwa ndani ya chuo cha St Hugh's, Oxford, iliyotibu wagonjwa zaidi ya 13,000. Desemba 1945 alipelekwa Ujerumani kumwona Jenerali Patton wa Marekani, aliyevunjika shingo kwenye ajali ya gari.

Alifariki kwa saratani Oxford tarehe 18 Julai 1952, akiwa na miaka 56. Sheria ya kuwalazimisha waendesha pikipiki wote Uingereza kuvaa kofia ngumu ilianza tarehe 1 Juni 1973, karibu miaka 32 baada ya amri ya jeshi.